Ramadhani Niliyokula Mchana

Mwaka juzi daktari alinipima, akaniambia nina vifuko vidogo vidogo kwenye ovari. Homoni zangu zilikwenda mrama tangu usichana, ndiyo maana hedhi inapotea na ndevu zinaota. Nikamwambia kuna dawa ya mizizi iliwahi kunisaidia. Akasogeza kiti. Siku hizi, akasema, wataalamu wanachunguza mimea kwa tatizo hili hili, wanatafuta ni kitu gani ndani yake kinachosaidia, ila bado hawana uhakika. Akauliza ulikuwa mti gani. Sijui. Na kutokujua kwangu kuna aliyekusababisha.

Miaka ile ya vita ng'ambo, wakimbizi walikuwa wakivuka ziwa kila siku. Mimi nimeolewa Ujiji, sina mtoto. Hedhi ikikata miezi miwili mitatu, mama mkwe anatangaza hadi mtaa wa Rusimbi kwamba mkwe wake ana mimba. Nikikataa, eti naona haya. Ramadhani ndiyo ilinimaliza kabisa. Wanawake wenzangu wana siku zao za kula, wakiwa hedhini, halafu wanazilipa baadaye. Mimi nafunga mwezi mzima, sina cha kulipa. Mawifi wakawa wananitania kwamba mimi ni mwanaume, na ndevu ninazo. Nacheka nao huku roho inaniuma.

Mama mmoja wa ng'ambo, mkimbizi aliyepanga chumba cha uani kwetu, ndiye peke yake aliyeniuliza kwa upole kama naona siku zangu. Akanichemshia mizizi na magome ya mti. Chungu, jamani, hadi ulimi unakufa ganzi. Nikanywa miezi kadhaa. Ramadhani ikaingia, na katikati yake nikaona damu, damu ya kawaida kama ya wenzangu. Nikaenda jikoni mchana kweupe, nikajipakulia ugali wa muhogo na dagaa, nikala huku nalia kwa furaha.

Mama mkwe akanikuta na tonge mkononi. Nikamwambia, "Mama, ile dawa imefanya kazi."

Akaniangalia tumboni.

"Imefanya kazi ya kumtoa mjukuu wangu," akasema.

Niliapa kwamba hapakuwa na mimba. Mume wangu akasema mama yake hawezi kuwa mwongo. Kesho yake mama mkwe akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa kusema kuna mkimbizi anaishi mjini bila kibali, tena anawatoa watu mimba. Askari wakaja na gari, wakamchukua kwenda kambini, yeye na kifurushi chake cha mizizi. Nilizunguka kuuliza ni kambi gani. Hakuna aliyejua wala aliyejali. Dawa iliyobaki kwenye chungu, mama mkwe aliimwaga chooni.

Damu ikakata tena, na mume wangu akaoa mke wa pili. Ramadhani iliyofuata nilifunga tangu mwezi ulipoandama hadi Idi. Kwenye futari ya mwisho mama mkwe akanishika bega mbele ya mke mwenzangu, ambaye mimba yake ilikuwa imeshaonekana.

"Huyu ndiye mwenye imani," akawaambia wageni. "Hajala hata siku moja."