Kaunta Niliyoichungulia Mno

Wenzangu, tangu juzi napita njia za migombani nisikutane na mtu.

Ofisini kwetu kuna kompyuta moja yenye prosesa mbili, yaani bongo mbili za kufanyia kazi, nami ndiye fundi wake. Juzi ilikuwa nzito kidogo, na wakulima wa kahawa kutoka Kanoni walikuwa wamejaa wakisubiri risiti. Nikaandika programu ya kusoma kaunta iliyo ndani ya mashine, ile inayohesabu kazi za prosesa zote mbili, nijue nani anaichosha. Ikazidi kuwa nzito. Nikaiamuru programu isome bila kupumzika. Mashine ikakwama.

"Mama Adventina, ni wewe na barua zako!" nilimfokea mpiga chapa wetu mbele ya wakulima. "Ondoka kwenye kiti!"

Mama wa watu, niliyemwamkia shikamoo asubuhi ile ile, akaenda kukaa benchini. Mashine haikupona.

Meneja akaja. "Hebu tuone hesabu yako."

Nikafungua orodha ya kazi na majina ya wenye kazi kwa mbwembwe, kisha nikaganda. Prosesa zote mbili zilikuwa zimeacha risiti, zinasubiriana kwenye kaunta ile ile kuijibu programu yangu. Mimi, niliyemgombeza mke wangu kwa kufunuafunua sufuria ya ebitoke, ndizi zetu za kupika, kabla hazijaiva! Nikasimama mbele ya kioo cha kompyuta kukiziba.

"Sogea," meneja alisema. "Nimesahau miwani. Mama Adventina, tusomee. Nani anaichosha mashine?"

Akainama, akasoma, akanigeukia kwa upole.

"Mwanangu, hapa juu pameandikwa jina lako."