Mashine Moja, Mioyo Miwili

Wiki iliyopita nilimsindikiza mama mkwe kliniki ya moyo hapa Lodwar. Kwenye benchi tulimkuta mwanamke muuza nguo wa Kakuma, mkimbizi kutoka Sudan Kusini. Wote wawili wamewekewa kifuani mashine ya kufanya pande mbili za moyo zipige pamoja. Yule wa Kakuma amerudi sokoni. Mama mkwe bado anahema akivuka ua.

"Yangu ni mbovu," mama mkwe alimwambia daktari tulipoingia. "Nitolee."

"Mashine ni nzima, mama. Moyo wako una kovu, na kovu haliisikii vizuri."

Mama mkwe alishika shanga zake. "Kisimani tunapokezana ndoo, wimbo unatuweka pamoja. Lakini aliyechoka, hata ukimwimbia, atamwaga maji. Kwangu amechoka nani?"

Daktari alitazama picha ya moyo. "Nitarekebisha mpigo wa mashine, tuone." Hakusema atapona, nami niliogopa kuuliza.

Tulipotoka, yule wa Kakuma alitangulia kwa hatua ndefu, akageuka, akaanza kutembea polepole kando yetu.

"Nenda," mama mkwe alimwambia. "Umepewa pumzi, itumie."

"Sina haraka, mama," akajibu, ilhali gari la abiria la kumrudisha Kakuma lilikuwa likipiga honi.

Kumbe hata kupona kuna aibu yake.