Mstari wa Chini wa Ripoti ya Zainabu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilifunga leso kiunoni nikaenda shule kumtoa binti yangu Zainabu. Kumtoa kabisa! Tulikaa Naguru, kwenye nyumba za polisi, maana babu yenu alikuwa polisi. Nilikuwa bado kijana, kichwa moto, na kusoma sijui hata a.

Sisi wamama tulikuwa na desturi yetu. Siku ya ripoti tunazipeleka zote kwa bomba la maji, kwa Mama Okello, yeye peke yake alijua Kingereza. Anakaa juu ya jerikeni, anasoma kwa sauti. Mtoto wa fulani namba mbili, vigelegele! Wa fulani namba kumi, eh, amejaribu bambi, maskini. Zainabu? "Wa mwisho!" Watu wanacheka: "Mama Zainabu, huyo unamlisha nini, boga tupu?" Mihula mitatu hivyo hivyo. Mtoto akaanza kukataa chakula. Mimi nikaona aibu, nikasema basi, akae nyumbani akaange mandazi.

Mwalimu mkuu alikuwa mama mfupi, sauti ya polepole. Lo, yule mama! Mpaka leo nikimkumbuka nacheka peke yangu kwa furaha.

"Nipe karatasi za mtoto wangu, naondoka naye."

"Kale, nnyabo, sawa mama. Kaa kwanza."

Akafunga mlango, akatoa faili ya Zainabu. Pale mezani kulikuwa na faili ingine, nikaona picha ya mtoto wa Mama Okello. Mdomo wangu huu! Nikauliza, "Na huyu, yake inasemaje?"

Akaifunika na mkono. "Huyo ana mama yake. Wewe uliza ya wako, uliza mpaka uchoke."

Akanisomea kwa Kiswahili, kidole kwenye mstari, bila haraka, kama hana kazi ingine duniani. Chini kabisa ya kila ripoti mwalimu wa darasa aliandika: huyu mtoto haoni ubao, mzazi aje. Mara tatu! Kumbe Mama Okello alisoma namba tu, maana watu walitaka namba.

Nikalia. "Mimi sijui kusoma, mwalimu."

"Asiyejua kusoma anasomewa. Ni haki yako, si msaada."

Nikampeleka mtoto kwa daktari wa macho kule Mengo. Zainabu kuvaa miwani, akaniangalia, akasema, "Mama! Kumbe una kidoa hapa kwa shavu!" Mtoto wa miaka tisa, ndiyo kwanza ananiona vizuri. Hakutoka shule tena, na mandazi nikakaanga mwenyewe.

Sasa nyinyi, juzi nasikia mmoja wenu ametuma ripoti ya mtoto kwa WhatsApp ya ukoo mzima, mashangazi wanacheka huko mpaka Arua. Mwanangu, usifanye hivyo. Kuuliza si ujinga: nenda shule, omba faili ya mtoto wako, kaa mpaka usomewe yote, hata maneno madogo. Ya mtoto wa jirani mwachie jirani. Na ukishajua, ongea na mtoto mwenyewe, mlango umefungwa, kwa upole.

Mungu awakuzie watoto, awape walimu kama yule mama mfupi, na shule ikiwaita, miguu yenu iwe miepesi. Amina.