Vilomita Ishirini na Vinne

Kumwonyesha baba mkwe mtamba mmoja kulinigharimu shilingi kumi na saba na senti hamsini, na bei ya mtamba mwenyewe haimo. Nimehesabu mara mbili.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa kijana wa Mbeya, nauza vitambaa Iringa mjini, na nilikuwa nimeposa Kalenga. Baba wa binti alitaka amwone mtamba wa mahari kwa macho yake kabla ya kusema ndiyo. Mtamba niliyekuwa nimemshusha bei kwa siku tatu alikuwa kwa Mgiriki mmoja, mkulima wa tumbaku. Alipokuja tena mjini nikamwuliza: kutoka Kalenga hadi shambani kwako ni mbali?

"Kilomita ishirini na nne."

Sisi barabara tulipima kwa maili. Neno hilo lilikuwa geni, nikalichambua kwa Kiswahili changu. Kijito ni mto mdogo, kijiji ni mji mdogo. Basi kilomita ni lomita ndogo. Ya nini kukodi lori?

"Ni vilomita ishirini na vinne tu, baba," nikamwambia mzee. "Tunafika jua halijawa kali."

Jua likawa kali, likachoka, likaanza kushuka. Soli za raba za mzee zikaachia, akazifunga kwa kamba ya katani.

"Mwanangu, hivi vilomita vyako vinazaana njiani?"

Kila hatua niliona binti anazidi kuwa mbali.

Tulipofika nikamlalamikia Mgiriki, naye akacheka hadi akashika mlango. "Si ki-lomita! Kilo-mita! Kilo ni elfu. Kwetu tunasema hilia."

"Elfu ya nini?" akauliza mzee.

"Ya mita." Akapiga hatua moja ndefu kutuonyesha.

Mzee akanigeukia polepole. "Kwa hiyo umenitembeza hatua elfu ishirini na nne, ukaniambia 'tu'?"

"Nilidhani ki inapunguza, baba."

"Kwako inapunguza, kwake inaongeza. Wewe mpunguza bei za watu, leo umempata mwenzako."

Akaenda kwa mtamba akichechemea. Akamkagua meno, akampapasa mgongo, akamzunguka mara mbili, nami nikahesabu. Mwisho akaketi juu ya pipa na kunyoosha miguu.

"Mtamba ni mzuri. Binti ni wako. Sasa, mkwe, nilipe raba zangu, unikodie na lori la kurudi. Na hela zenyewe nipe shilingi. Vishilingi sitaki."