Mji Usio na Chapati

Pale mpakani Busia, afisa wa forodha alimuuliza dereva wa lori, mtu mzima mwenye mvi, amebeba nini kwenye begi.

"Vituo vya polisi vitatu, mkubwa."

Vilikuwa maboksi ya matofali ya plastiki ya kuchezea, yale ya kuunganisha na kubomoa.

"Vya watoto?"

"Vyangu! Kila boksi la mji wanalouza ni polisi, polisi, zimamoto. Watu wanakula wapi? Nabomoa, najenga soko."

Foleni ikasahau haraka zake. "Weka wa chapati!" "Na kinyozi!"

Afisa aliinua mhuri, akausimamisha hewani. "Na forodha umejenga?"

"Hapana, mkubwa. Kwangu watu wanapita tu."

Afisa akacheka, akagonga mhuri. Nimepanga foleni hiyo miaka mingi. Sikuwahi kuisikia ikipiga makofi, hadi siku hiyo.