Kiluma cha Kuku Kwenye Kichwa cha Binti Yangu

Nimenyoa vichwa hapa mjini Salama tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Shule niliacha darasa la nne, lakini kile kiti cha kinyozi kimenijengea nyumba ya mawe, na sioni mtu wa kunifundisha habari ya nywele. Hivyo ndivyo nilivyofikiri siku binti yangu alipovua kitambaa jikoni akanionyesha kichwa. Kilikuwa na mabaka ya mviringo, laini kama mgongo wa kijiko.

Watu wa mchumba wake walikuwa njiani kuleta mbuzi wa ntheo, wale ambao bila wao Mkamba hajaoa. Binti yangu alikuwa ameshaanza kusema wasije.

"Siwezi kukaa mbele ya watu hivi, Baba."

"Utakaa. Nywele ni kazi yangu."

Mimi shida ikiingia nyumbani, kiti kinaniwasha. Asubuhi yake nilikuwa Matinyani kwa dada yangu, ambaye mama alimwachia ujuzi wa miti ya dawa. Akaanza kunieleza habari ya kiluma, ule mshubiri wenye miiba unaoota kwenye mawe. Kabla hajafika mbali nilikuwa nimeshika panga. Nani Ukambani hajui kiluma? Kuku wakianza kusinzia, tunakiponda tunatia kwenye maji yao.

"Keti unywe chai nimalize," dada akasema.

"Utamalizia kwa simu."

Nyumbani nilikiponda kama cha kuku, ganda na ule utomvu wa manjano, nikachanganya na mafuta ya mbariki, nikampaka kichwa chote.

"Baba, inaunguza."

"Hiyo ni kazi inafanya."

Kufika jioni kichwa kilikuwa chekundu, kina malengelenge. Nilimpigia dada. Alicheka kwanza, halafu akanirukia.

"Wewe mzee, umempaka mtoto dawa ya kuku! Ya kichwa ni ule ute mweupe wa ndani. Ule wa manjano unauacha uchuruzike, halafu unaosha. Nilikuwa nakuambia ukikimbia kama mbuzi aliyeona shamba la mtu!"

Tukaenda kwa daktari wa ngozi, msichana wa rika la binti yangu. Alitibu kule kuungua kwanza. Nikamuuliza waziwazi: dawa za mama yangu zina ukweli au hazina?

"Zingine zina ukweli kidogo, mzee. Ute wa mshubiri unapoza ngozi. Mafuta ya mbariki yanalainisha nywele zisikatike. Lakini kwamba yanaotesha nywele mpya, ushahidi bado hatuna. Hata maji ya kitunguu yamejaribiwa kwa mabaka kama haya, watu wachache tu, na wengine nywele ziliota. Wachache hawatoshi."

"Sasa hii ni nini?"

"Ni mwili wake wenyewe unapigana na mizizi ya nywele. Kuna sindano, tutajaribu. Na mara nyingi nywele zinarudi zenyewe, lakini siwezi kukuahidi. Ndiyo maana kila dawa ina mtu anayeiapia. Zikirudi, aliyeshika chupa siku hiyo ndiye anasifiwa."

Hilo nililielewa upesi, maana mimi ni mtu wa biashara. Nimeona chupa nyingi zikiuzwa hapa barabarani kwa sifa za namna hiyo. Lakini lile neno la kutoahidi lilinifuata mpaka nyumbani, nikashinda nazunguka boma nikirekebisha ua ambao haukuwa umeharibika.

Malengelenge yalipopona, binti yangu aliniletea mashine yangu mwenyewe.

"Ninyoe zote."

"Na mbuzi?"

"Waje. Lakini hayo manyoya yaliyobaki yakiangaliwa na mashangazi wa mtu, hapana."

Nilimnyoa. Wageni walipofika alikaa mbele yao bila kitambaa. Shangazi mmoja akauliza kama amenyoa kwa sababu ya msiba. Binti yangu akamjibu hapana, baba yake ni kinyozi. Watu wakacheka, mbuzi wakafungwa.

Sasa sindano zinaendelea. Kila asubuhi, kabla sijafungua kazi, napitisha kidole gumba kwenye yale mabaka, kinyume cha nywele zinavyolala, jinsi kinyozi anavyotafuta unywele uliosalia. Bado laini. Yeye anausukuma mkono wangu.

"Baba, keti unywe chai."

Naketi. Chai ikiwa bado moto, nimeshasimama.