Soya ya Bure

Sina wa kumkasirikia ila masikio yangu mwenyewe. Mke wangu alijifungua hapa shamba la chai, upande wa Kapkatet, akabaki bila nguvu. Arap Koech, mpishi wa wagonjwa, akatuletea kikapu cha soya, maharagwe nisiyoyajua. Nikamuuliza kama yatamfaa mama.

"Ukipika na mahindi," akasema, "hiyo ni bure kabisa."

Damu ikanichemka. Mimi nyapara mzima, mke wangu aletewe takataka? Nikawamwagia kuku soya yote. Nikazunguka kambini nikiwakataza watu wasiile, kisha nikaenda na mke wangu mpaka jikoni kwa Arap Koech.

"Kwa nini unapea mgonjwa kitu bure?" nikafoka mbele ya watu.

Arap Koech akafunua sufuria. Mahindi na soya, vimeiva pamoja.

"Bure ni hii, nyapara. Inaleta nguvu."

Kumbe alisema pure, chakula cha mahindi na maharagwe. Miaka sita namsikia mtu huyu akimwita punda "bunda", na bado sikuelewa. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mke wangu hakucheka.

"Baba Ouma," akasema, "pure yangu iko kwa tumbo ya kuku."